Abiria wa Kwanza Alikuwa Maji

Mwalimu alivaa helmeti hata akienda kununua maziwa. Alitoka nyumbani kwake nyuma ya msikiti akiwa na kikebe mkononi, kofia yake ya kufuma ikichungulia chini ya helmeti, akafika ukingoni mwa barabara na kusimama kama mtu aliyefika mtoni asijue kina chake. Alitazama kulia, kushoto, kulia tena. Kisha akasikiliza. Wenye pikipiki waliongoja abiria pale steji walimpigia kelele:

"Mwalimu, hapo ni miguu tu! Hakuna gia!"

"Na wewe utakayenigonga, utakuwa gia ya ngapi?" aliwajibu bila kugeuka.

Ndiye aliyetufundisha pikipiki, sisi wa Machakos tuliokuwa vijana wakati pikipiki zilipoanza kujaa mjini. Darasa lake lilikuwa uwanja wa murram, udongo mwekundu wa kokoto, nyuma ya soko. Leseni hakutoa yeye; hiyo ni kazi ya serikali. Lakini hakuna mwanafunzi wake aliyethubutu kwenda kwa mtihani wa serikali kabla Mwalimu hajamwambia neno moja: "Nenda." Wengine waliambiwa baada ya wiki tatu, wengine baada ya miezi mitatu. Rafiki yangu Mutuku aliambiwa siku aliyokuwa na homa, akaondoka mbio bila kuaga, akihofia Mwalimu atabadilisha mawazo.

Mimi sikuambiwa.

Kitu alichofundisha kwanza kilikuwa woga. Walimu wengine wa pikipiki walikuambia usiogope. Yeye alikuambia, "Ukifika kwangu huogopi, rudi nyumbani ukalale, uje ukiogopa." Siku ya kwanza hukugusa pikipiki. Alitoa kwenye kapu helmeti nyekundu iliyopasuka kutoka paji la uso hadi kisogoni, akakuvisha, akakwambia uingize kidole kwenye ufa. Nakumbuka nilivyofanya. Kidole changu kilipita kikagusa nywele zangu mwenyewe. Aliivua, akaifunga kwenye kitambaa kama mtu anavyofunga msahafu, akairudisha kapuni.

Tulibishana kuhusu ile helmeti. Kuna waliosema ni ya ndugu yake. Wengine walisema aliiokota barabara kuu akaipenda kwa sababu inatisha. Mutuku aliapa kwamba Mwalimu aliipasua mwenyewe kwa nyundo, akiwa ameketi kwenye kigoda, apate kitu cha kututolea jasho. Hakuna aliyemuuliza. Mwalimu alikuwa mtu mwembamba, mpole, lakini kulikuwa na maswali ambayo yakikaribia tu, uso wake ulifunga kama duka saa ya swala.

Abiria wa kwanza wa kila mmoja wetu alikuwa jerikeni la maji. Alilijaza nusu, akalifunga nyuma ya kiti kwa mpira, na kifuniko akakitia mfukoni mwake. Ulipanda nalo mlima wa Iveti, ukageuka, ukashuka. Lililojaa pomoni halifai, alisema, kwa sababu maji yaliyojaa hutulia. Nusu ndiyo inayohangaika kama binadamu. Ukishika breki kwa pupa, maji yanaruka yanakulowesha mgongo. Ukikata kona vibaya, yanakumwagikia kiunoni. Tulirudi uwanjani tukiwa tumelowa, na akina mama waliouza nyanya kando ya uwanja wakatuuliza kama huko Iveti kumenyesha.

"Geuka," Mwalimu alisema. Ukageuka, akaupapasa mgongo wako kwa kiganja. "Umemuua mama ya mtu. Rudia."

Alisema hivyo bila kucheka. Mgongo ukiwa na tone moja, umemvunja mkono. Ukiwa chepechepe, umemuua. Nilimuua huyo mama ya mtu mara kumi na moja, na kila mara nilisikia baridi ambayo haikutokana na maji.

Sheria alizijua zote, na alizifuata hadi watu wakamwona si mzima. Abiria ni mmoja. Wawili hapana, hata wa pili akiwa mtoto, hata ikiwa ni mvua. Helmeti mbili, yako na yake. Rifleka mbili, zile fulana zinazong'aa gizani. Leseni ya pikipiki, si ya gari. Bima. Siku moja alionekana akiisukuma pikipiki yake kutoka sokoni hadi nyumbani, jua la saa saba, helmeti kichwani. Mwenye pikipiki mmoja akasimama kumsaidia.

"Pole Mwalimu. Mafuta imeisha? Niko na kidogo kwa chupa."

"Mafuta yapo tele. Bima iliisha jana."

"Sasa si uendeshe tu, nyumbani ni hapo!"

"Na nikimgonga mtu hapo?"

Yule mtu alikuja kutusimulia steji, tukacheka hadi machozi. Baadaye nikiwa peke yangu sikucheka. Nilijiuliza mtu ameona nini hadi mita mia tatu za barabara tambarare zimtie hofu namna ile.

Maana Mwalimu huyohuyo alipenda mbio. Mashindano ya magari yakitangazwa redioni, aliketi mlangoni pake, macho amefumba, vidole vikichezacheza gotini kama vinabadilisha gia. Ukipita wakati huo ungeona anatabasamu. Na aliyewafundisha watu mia na zaidi kubeba abiria hakuwahi kukubali kubebwa. Pikipiki akiendesha yeye, au miguu. Hata kwa mazishi ya jirani kule Mitaboni, wanafunzi wake wanne walipogombania nani atampeleka, alitoka asubuhi na mapema akatembea. Alifika vumbi hadi magotini.

"Kwani Mwalimu hatuamini?" Mutuku aliuliza.

"Nawaamini," alisema. "Nyuma ndipo nisipopaamini."

Nilivyoshindwa ni hivi. Siku hizo, na hata leo, wenye pikipiki wetu wakifika juu ya mteremko huzima injini. Pikipiki inateleza yenyewe mpaka chini, na mafuta yanabaki kwenye tangi. Wote tulifanya, tukiona ni ujanja. Mwalimu alikataza. Lakini mimi niligundua kwamba nikizima injini, pikipiki haitikisiki, na maji yanatulia. Kwa hiyo siku ya mwisho ya mwezi wangu wa tatu nilishuka Iveti kimya kabisa, upepo tu masikioni, nikaingia uwanjani nikiwa mkavu kama unga. Nilishuka nikageuka kabla hajasema geuka.

Alipapasa mgongo. Akapapasa tena. Akina Mutuku walishaanza kupiga makofi.

"Nimekuona kabla sijakusikia," alisema.

"Lakini niko mkavu, Mwalimu."

"Jerikeni umelileta salama. Na yule mama anayevuka na mzigo wa nyasi kichwani? Hawezi kugeuza shingo, yule. Anavuka kwa masikio." Alichomoa ufunguo wangu. "Kesho uanze upya. Na siku ya kwanza ni siku ya kofia nyekundu."

Sikurudi kesho yake. Niliona aibu, na niseme kweli, niliogopa ile helmeti nyekundu. Nilipanda gari la Kithimani, nikapakia vitunguu mwaka mzima. Kutoka hapo nikaenda Athi River, kwenye viwanda vya EPZ vinavyoshona nguo za kuuzwa ng'ambo, nikashona mifuko ya suruali ambazo sikuwahi kuona mtu amezivaa. Nimekaa Voi, nimekaa Isiolo, nimekaa mahali ambapo sikumaliza kufungua begi. Niliporudi Machakos, kila baada ya mwaka au miwili, kitu cha kwanza nilichotafuta kwa macho ni helmeti ile inayovuka barabara na kikebe cha maziwa. Nikiiona nilitulia, kisha nikapita upande wa pili asinitambue.

Nywele zake ziligeuka nyeupe, sijui lini, kwa sababu sikuwahi kuona kichwa chake. Nilijua kwa ndevu. Halafu macho yakaanza kuingia ukungu. Alipofika ukingoni mwa barabara hakuangalia tena kulia na kushoto. Alisimama, akainamisha kichwa, akasikiliza tu.

Mwaka huu nilirudi kukaa. Mwaitu, mama yangu, ana kisukari, na mguu wake wa kushoto una kidonda ambacho lazima kisafishwe hospitalini kila Jumanne na Ijumaa. Daktari alisema wazi mbele yake: akikosa kusafishwa, mguu utakatwa. Sisi tunakaa juu kwa mlima, na gari halifiki kwetu. Kufika barabarani ni kilomita mbili za kushuka. Mwanzoni majirani walimshusha kwa mkokoteni. Mkokoteni ukavunjika.

Mutuku ndiye aliyenipa wazo. Siku hizi anauza pikipiki za umeme, zile zenye namba ya kijani.

"Chukua hii, ndugu yangu. Haina moshi, haina kelele, haina klachi."

"Leseni sina, Mutuku. Unajua."

"Leseni ya nini? Hii ni kama baiskeli imeenda shule. Haina injini, haina mambo mengi."

Nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini. Steji walinipokea kwa kicheko. "Umeichaji ama umeipiga pasi?" "Hiyo ukipigiwa simu, si itasimama?" Nilicheka nao. Pikipiki yenyewe ilinipendeza: ukiisukuma kwa kidole inaondoka, kimya, kama wazo baya.

Siku ya tatu nilikuwa nashuka kwenda mjini peke yangu, mchana mweupe, kutazama njia kabla ya kumbeba mama. Nilipofika juu ya mteremko mkono wangu ukafanya kile ulichozoea miaka kumi na sita iliyopita. Nikazima ufunguo, ili chaji ibaki. Sikujua ninachozima. Ukizima ufunguo wa pikipiki ya umeme honi inakufa, taa ya breki inakufa, na ile nguvu ya mota inayokushika mteremkoni inakuachia. Ilianza kukimbia. Nikashika breki, ikapunguza kidogo. Nikabonyeza honi, haikulia. Karibu na msikiti niliona mtu amesimama ukingoni, kichwa ameinamisha. Alisikiliza. Hakusikia kitu. Akaingia barabarani.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kinywani mwangu. Tairi la mbele lilimpita kwa kiasi cha kikebe cha maziwa, maana kikebe ndicho nilichogonga. Kikaruka, maziwa yakamwagika kwenye lami. Mimi nikaenda kusimama kwenye mtaro.

Mwalimu alisimama palepale katikati ya barabara, mkono bado umeshika mpini uliobaki.

"Nani?" aliuliza.

Nilipanda kutoka mtaroni. Watu wakaanza kukusanyika.

"Nimeuliza nani. Sikukuona na sikukusikia."

Nikataja jina langu. Akasema, "Siku ya kofia hukuja."

Nilimshika mkono nikamrudisha kwake. Njiani nilimwambia yote, kuhusu mama na mguu, na kwamba pikipiki hii si kama zile. Alinisikiliza hadi mlangoni.

"Una leseni?"

"Hii ni ya umeme, Mwalimu. Nimeambiwa haihitaji."

"Askari atakuuliza inakunywa nini?"

"Hapana."

"Bima?"

"Sina."

"Ungeniua leo, mwanangu, ungelipa na nini? Mguu wa mama?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. Ndiyo maana niliogopa. "Nenda ukasome kama watu. Kisha uje."

Nilisoma wiki saba katika shule ya udereva, nikiwa na ndevu nyeupe mbili kidevuni, katikati ya watu wa miaka ishirini walioniita mzae. Mama akawa anashushwa kwa machela na wanaume wanne wa kanisa lake, Jumanne na Ijumaa, na kila wiki nilisikia sauti zao zikichoka zaidi. Nilipita mtihani. Nikakata bima. Kila nikilala niliota kikebe kinaruka, ila ndani yake hamkuwa na maziwa.

Nilimkuta Mwalimu ameketi mlangoni pake, asubuhi ya Jumatatu. Nilimpa leseni. Aliisogeza hadi karibu na jicho, akaipapasa pembe zake, akanirudishia.

"Kesho ni siku ya mama?"

"Ndiyo."

"Helmeti ngapi?"

Nilitazama chini. "Moja. Mama amekataa, Mwalimu. Anasema kitambaa chake kinatosha. Anasema helmeti za watu ziko na chawa."

Aliingia ndani, nikasikia anahamisha vyombo. Nikadhani analeta jerikeni. Nikaanza kufungua mpira wa nyuma ya kiti.

"Nijaze nusu?" niliuliza.

Alitoka amevaa helmeti na rifleka, mikono mitupu.

"Jerikeni halina mifupa," alisema. "Nitakaa mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini alishika bega langu, akatafuta kikanyagio kwa ncha ya kiatu, akapanda nyuma. Mwepesi kama nguo. Nilipanda naye Iveti polepole, na pale steji hakuna aliyecheka. Mutuku aliinuka kwenye pikipiki yake akavua kofia.

Juu niligeuza. Mteremko ulikuwa mbele yetu, mkavu, mrefu, na chini kabisa paa za mabati za Machakos ziking'aa. Mikono yake ilikuwa mabegani mwangu, na hapo ndipo nilipohisi kwamba inatetemeka. Haikuwa mitetemeko ya uzee. Ilikuwa inakuja na kwenda pamoja na pumzi. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Miaka yote ile nilidhani woga ni chaki yake, kitu cha kufundishia, ambacho jioni anafuta mikononi na kwenda kula.

"Ufunguo uko wapi?" aliuliza.

"Umewaka, Mwalimu."

"Shuka."

Nilishuka. Niliachia mota itushike, breki zote mbili nikazigusa kidogokidogo, honi nikaipiga kabla ya kila kona kama mtu anayebisha hodi. Kwenye kona ya tatu mwanamke alikuwa anavuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, shingo imenyooka. Nilimwona, nikapiga honi, nikashika breki. Helmeti ya Mwalimu ikagonga yangu kwa nyuma, ko! Mara moja. Yule mama akasimama akatupisha, akasema, "Asante kwa kupiga."

Tulifika chini, upande wa pili wa barabara, mkabala na nyumba yake. Nilisimama. Mwalimu alishuka taratibu, akakaa kitambo ameshikilia kiti.

"Umenigonga mara moja," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Nilichelewa kushika."

"Kitambaa cha mama kingefanya nini hapo?"

Niliipapasa helmeti yangu pale ilipogongwa.

"Ile nyekundu," alisema, na uso wake haukufunga. "Wote mlikuwa mkiulizana ya nani, mkidhani sisikii. Ilikuwa yangu. Iliniokoa. Aliyekaa nyuma yangu alikuwa na kitambaa."

Hakutaja jina, nami sikuuliza. Gari lilipita, vumbi likatua. Kisha akainua mikono kidevuni, akafungua mkanda, akavua helmeti aliyovaa. Akaniwekea mapajani. Ilikuwa bado na joto la kichwa chake.

"Ya mama. Mwambie haina chawa."

"Na wewe, Mwalimu?"

"Mimi naenda hapo tu." Aligeuka kuitazama barabara ambayo hakuiona. "Nenda."

Miaka kumi na sita nilikuwa nimelingoja neno hilo, na lilipokuja sikwenda. Alisimama ukingoni akiwa na kofia yake ya kufuma tu, kichwa chake kidogo kuliko nilivyodhani, akainama akisikiliza. Niliisogeza pikipiki katikati ya barabara, nikaikingamisha, nikaweka kidole kwenye honi, nikaibonyeza bila kuachia mpaka alipofika ng'ambo akapapasa mlango wake.